Maganda Mekundu na Lutuku ya Dada Yangu

Ninyi vijana mnaosoma famasi na kemia, mnaokuja kwangu Jumapili baada ya misa kuniuliza kama ni kweli tulipata dawa ya kansere hapa Kalemie wakati wa Zaire, leo nawajibu kwa maandishi ili msinisumbue tena. Hapana. Hatukuipata. Tulifikiri tumeipata, na kufikiri huko kulinichukulia dada yangu. Kama bado mnataka kusoma, someni. Kama mlitaka habari ya kujivunia, nendeni mkabishe hodi kwa mwingine.

Mimi Mama Kalunga nilifanya kazi katika labo ya miti ya dawa, kule kilimani, ndani ya ghala la zamani lililokuwa likivuja kila mahali isipokuwa juu ya meza ya mkubwa. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulitafuta mizizi, majani na maganda ambayo waganga wetu walitibia uvimbe na vidonda visivyopona. Tuliyakausha, tukayasaga, tukayalowesha katika alkoli siku kadhaa, tukachuja. Kisha tuliiacha alkoli ipae polepole juu ya maji ya moto mpaka kibaki kitu cheusi chenye kunata chini ya sahani. Hicho cha chini tulikitia katika vichupa, vikapita Kinshasa, vikaenda Ulaya. Kule walikuwa na seli za kansere wanazozifuga ndani ya vioo. Walizidondoshea ile dawa yetu, wakaangalia kama zinakufa. Mara nyingi hazikufa. Mwaka unakwisha, mwingine unaanza, hazifi.

Mkubwa wetu alikuwa Dokta Kisimba, mtu mwembamba, amefunga koti lake la abakosti hadi shingoni hata kwenye jua la Septemba. Alisoma Ulaya, wakamwomba abaki, akakataa, akarudi kwetu. Alikuwa mtu mwema. Nalisema mapema, maana mbele nitamsema vibaya.

Ni yeye aliyenifundisha kwamba ganda la mti halikaushwi juani. Linakaushwa kivulini, juu ya chanja, upepo upite chini na juu, na unaligeuza kwa mkono, si kwa fimbo, maana mkono ndio unaosikia kama bado kuna maji. Likivunjika kwa sauti kavu, tayari. Likipinda, subiri. Mwanzoni mwenzetu mmoja, mvuvi wa zamani, alichukua gunia zima akalimwaga mchangani ufukweni, katikati ya ndagala za mke wake, kwa sababu kwao kitu cha kukausha kinakaushwa pale. Kule Ulaya wakauliza ni mti gani huo unaonuka samaki.

Kusaga nako kulitutoa jasho. Mashine ya labo ilipokufa tulipeleka maganda kwenye mashine ya mahindi ya mtaani, na mwenye mashine hakuisafisha vizuri baada yetu. Lo! Mtaa mzima walikula bukari, yaani ugali, chungu, na waliokula sana walishinda chooni. Mama mmoja akapanda kilima na sahani yake, akaiweka mezani kwa Dokta. "Kula sasa, Dokta, tuone!" Dokta alikula. Maskini, alikula yote, na kesho yake hakuja kazini.

Mnaona, tulikuwa tunacheka. Siwafichi, ilikuwa kazi tamu kabla haijaharibika.

Halafu alkoli ikaisha. Ninyi hamjui kitu kuisha kulikuwa namna gani miaka ile. Unaomba Kinshasa, wanasema iko njiani. Unauliza Kinshasa, wanasema njia gani? Chupa za labo zikakauka, na kwenye chanja kulikuwa na maganda ya miti kutoka Kiambi, Pepa, Mpala, yote yamekauka vizuri, yanangoja.

Siku moja Dokta akaniita. "Sitwayeni Kalunga," akasema, maana siku zile sote tulikuwa sitwayeni, yaani raia, "dada yako si njo anapika lutuku?"

"Njo yeye, Dokta."

"Anaweza kupika yenye nguvu kabisa?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Dada yangu mkubwa, Yaya Feza, alikuwa mjane wa fundi wa reli, na lutuku yake, pombe kali ya mihogo na mahindi, ilijulikana hadi upande wa pili wa mto Lukuga. Alichemsha kwenye pipa, mvuke ukapita ndani ya bomba refu lililotoka kwenye injini ya meli ya zamani pale bandarini, na bomba hilo lilipita katika mtumbwi mbovu aliokuwa ameujaza maji ili lipoe. Sauti yake ilisikika kabla hujaona moshi wake. Kwa ajili ya labo alikuwa anapika, anarudisha pipani, anapika tena na tena, mpaka ukiwasha tone kwenye kijiko inaungua yote bila kubakiza maji.

"Miti yenu inakunywa kupita walevi wote wa Kalemie," alinitania kila nilipokuja na bidoni, dumu langu la kubebea, "na haiimbi hata kidogo!"

Lutuku ilikuwa imekatazwa na serikali. Jandarme mmoja, askari wa serikali, alinisimamisha barabarani, akafungua bidoni, akanusa.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni ya siyansi."

"Acha nionje hiyo siyansi." Alionja, akafumba macho, akaniachia nipite. Tangu hapo kila nilipopita njia ile nilimkuta amesimama palepale, ananingojea na kikombe.

Basi tukaendelea na kazi. Sasa nisikilizeni vizuri, nyinyi wenye makoti meupe. Kila kichupa tulichotuma miezi ile kilikuwa na mti uliolala ndani ya lutuku. Hatukuona ubaya. Alkoli si alkoli? Inapaa, inakwenda zake, unabaki mti. Ndivyo tulivyofikiri, kuanzia Dokta hadi sisi wa kuosha chupa.

Kati ya miti hiyo kulikuwa na mmoja wa maganda mekundu, unaota kwenye miteremko ya Marungu juu ya Mpala. Jina lake siliandiki hapa, na mtanisamehe. Alituonyesha mganga wa Mpala, Papa Kalonda, mzee mpole ambaye aliutumia kwa wanawake wenye vidonda vya titi. Alikuwa na desturi yake. Alikwenda kabla ya kula kitu, akabandua utepe mmoja upande jua linapochomoza na mmoja upande linapozama, akapaka tope palipobanduka, na hakurudi kwenye mti ule mpaka ujifunike ganda jipya. Tulifanya alivyotuambia. Tukatuma kichupa.

Ilikuwa wakati huo ambapo Yaya Feza aliniita nimsugue mgongo akioga, kisha akashika mkono wangu akauleta mbele. "Gusa hapa." Nikagusa. Kwenye titi la kushoto kulikuwa na kitu kigumu, hakisogei, kikubwa kupita punje ya maharage. Alikuwa amekificha muda mrefu, huyu mwanamke ambaye hakuweza kuficha hata bei ya samaki.

Nilimpeleka hospitali. Munganga, daktari wa pale, alimpima, akasema bila kuzunguka: lazima akatwe titi, na hapa hatuna vifaa, aende Lubumbashi, aende upesi, kabla uvimbe haujafika kwapani. Mnafikiri aliogopa? Hata. Alimwachia jirani pipa lake, akafunga nguo zake katika kitenge, akaanza kungojea treni. Treni siku zile ilikuja ilipotaka yenyewe.

Akiwa bado anaingojea, foni ya misioni ikaita. Foni ni ile redio ya kuongelea, ndiyo ilikuwa simu yetu. Dokta alikimbia, mimi nyuma yake. Sauti ya Kinshasa ilikuja katikati ya mikwaruzo: katika vichupa vyetu vya mwisho wamepima kimoja kwanza, ganda jekundu la Marungu, na limeua seli zote. Wamelipunguza kwa maji, limeua. Wamelipunguza tena, limeua.

"Rudia," Dokta akasema. Wakarudia. "Rudia tena." Alikuwa analia, na alinishika mikono tukacheza pale mbele ya mapadri.

Kabla jua halijazama habari ilikuwa imeshuka hadi sokoni. Nilipofika kwa dada yangu nilimkuta anafungua kitenge chake.

"Yaya, unafanya nini?"

"Ninarudisha nguo mu sanduku."

"Na treni?"

"Iende. Wewe unataka wanikate pale Lubumbashi, na dawa iko hapa, imelala ndani ya lutuku yangu mimi mwenyewe?"

"Yaya, ile ni seli ndani ya kioo. Si muntu. Hata petroli inaua seli ndani ya kioo."

"Basi leta petroli nikunywe!" Akacheka kwa ile sauti yake, akaendelea kukunja nguo.

Nilirudi mbio kilimani. Nilimwambia Dokta: wewe atakusikia, mwambie apande treni. Alikuwa ndiye aliyenifundisha kwamba kitu cha kwenye kioo kinahitaji miaka kabla ya kukipa mtu, ikiwa kitafika. Alilijua hilo kuliko sisi sote. Akaangalia dirisha, akasema, "Tusubiri kidogo, Sitwayeni. Kama dawa iko, kwa nini akatwe?"

Hilo neno "kidogo" linanichoma hadi leo. Hakuwa anadanganya. Aliamini. Alikuwa ametuma vichupa miaka mingi bila jibu, na jibu lilipokuja akalewa nalo. Ninaelewa, na bado nina hasira naye, na sitaki mtu aniambie nimsamehe.

Yaya Feza akaanza kunywa maganda mekundu yaliyolowekwa katika lutuku, glasi ndogo asubuhi, glasi ndogo jioni. Dokta alijua. "Gusa," Yaya ananiambia, "inapungua." Niligusa. Haikuwa imepungua. Nilimwambia hivyo, akaninunia, tukakaa bila kusalimiana, mimi na dada yangu wa tumbo moja. Majirani ndio waliomwambia inapungua.

Huko Mpala watu walikuwa wameingia milimani na mapanga. Nani atabandua tepe mbili wakati mti una mwili mzima? Waliuvua mti ganda lote kuuzunguka, na mti uliovuliwa hivyo hauishi. Papa Kalonda alikuja na mtumbwi hadi Kalemie, akapanda kilima, akakaa kwenye mlango wa labo.

"Dokta, muliniulia miti," akasema tu hivyo. Dokta alimwekea kiti. Alikataa kukaa juu yake.

Ulaya wakaomba maganda makavu yenyewe, magunia, ili waloweshe kwao na watafute ni kitu gani ndani ya ganda kinachoua. Tukatuma. Tukangoja. Badala ya jibu akashuka kwenye ndege msichana mmoja wa labo ile, tukamwita Madmazeli. Mpole, mwenye miwani, jua lilikuwa limemchoma pua. Alisema magunia yetu hayana kitu. Wameyalowesha kwa kila namna, seli ziko hai. Labda tulituma mti mwingine?

Nilipanda naye Marungu. Jani lilelile, ganda lilelile, hata miti tuliyoibandua mwanzo tuliipata, imekufa imesimama. Tukarudi labo. Akaangalia chanja, kivuli, mashine, akaridhika na kila kitu. Kisha akafungua bidoni, akanusa, akakohoa.

"Mama, hii ni nini?"

Nikamweleza. Hakucheka. Aliuliza taratibu, "Na kichupa cha hii peke yake kiko wapi? Hii bila mti?"

Nilimwangalia Dokta. Dokta aliangalia sakafu.

Hapo ndipo somo lilipo, watoto wangu, na ndilo pekee nililonalo. Kila mara unapolowesha mti, lowesha na hewa. Chukua alkoli ileile, usiweke kitu ndani yake, ichuje vilevile, ikaushe vilevile, uitume pamoja na nyingine. Kichupa hicho kitakuonyesha kazi ya mti ni ipi na kazi ya alkoli ni ipi. Sisi hatukukituma hata mara moja.

Madmazeli akaomba kuona lutuku inapopikwa. Tulimkuta Yaya Feza amekaa kando ya pipa, amekonda, kifua amekifunga kitambaa, na harufu ya kidonda ilikuwa inazidi harufu ya pombe. Alisimama hivyohivyo akampa mgeni kiti. Madmazeli aliinama kwenye mdomo wa bomba, akaukwaruza kwa ukucha. Ukucha ukatoka na kutu ya kijani. Bomba la shaba, limeliwa na mvuke mkali mwaka hadi mwaka, na shaba ile ilikuwa inashuka pamoja na matone.

"Muambie Madmazeli," dada yangu akasema, na alijinyoosha kwa kujivuna, "njo hii inaua kansere."

Nikamtafsiria. Madmazeli akaangalia kile kitambaa, akaangalia glasi iliyokuwa juu ya kinu. Akaniuliza kwa Kifaransa kama anainywa. Nikajibu ndiyo. Akauliza kama hospitali hawakumwambia akatwe. Nikajibu walimwambia. Akavua miwani, akaanza kulia mbele yetu.

"Analia nini huyu?" Yaya Feza akauliza.

"Ni moshi," nikasema.

Madmazeli aliondoka na kichupa cha lutuku tupu, na foni ilipoita mara ya pili sikuhitaji kukimbia. Lutuku peke yake imeua seli zote. Ganda jekundu halina kitu. Dokta aliweka chini kile kisemeo, akawashukuru mapadri kwa adabu, akatoka.

Alitaka kwenda kumwambia dada yangu. Nikamkatalia, nikaenda mwenyewe. Nilimkuta amelala kwenye mkeka mbele ya nyumba. Nilimweleza yote, bila kumpunguzia, maana tangu utoto hakupenda kupunguziwa.

"Kwa hiyo ni bomba yangu iliua zile seli?"

"Ndiyo, Yaya."

"Na muti?"

"Muti hauna kitu."

Alijiinua kwenye mkeka, akakaa. Kisha akashika mkono wangu. "Kalunga, treni ya Lubumbashi inapita lini?"

Nililia. Alinifuta machozi kwa pembe ya kitenge chake, akaniuliza mara ya pili. Tulimbeba hospitali. Munganga yuleyule alimgusa kwapani, akasikiliza mapafu, akanitoa nje, akasema hata Lubumbashi watamfungua na kumfunga tu. Alikufa kabla mvua hazijakolea. Nilimwosha mimi na shangazi zetu, na ile sehemu ya kushoto niliiosha mwenyewe, sikumwachia mtu.

Dokta alikuja matangani, akakaa nyuma. Hakuna aliyemsemesha, hata mimi. Baadaye alizunguka makanisani na sokoni kutangaza kwamba ganda lile si dawa. Watu walimsikiliza, wakatoka nje wakasema: kumbe wazungu wameshamnunua, wanataka kutuficha dawa yetu. Kadiri alivyokataa ndivyo bei ilivyopanda. Akahamia Kinshasa, sikusikia habari zake tena. Labo ilifungwa, na mabati ya paa yakachukuliwa.

Mnaniuliza kama kazi ile ilikuwa na faida. Siioni. Miti ya juu ya Mpala imekwisha, na waliokaa nyumbani wakinywa maganda badala ya kwenda hospitali siwezi kuwajua wote. Najua mmoja. Nimezeeka nikitafuta kitu cha kuwapa ninyi zaidi ya kile kichupa kisicho na mti, na sikukipata.

Juzi nilikwenda sokoni kutafuta sombe, majani ya mihogo. Kando ya wauza sombe alikaa mwanamke kijana, mbele yake vifungu vya maganda. Mekundu. Sijui hata ameyatoa mti gani, maana ule wetu haupatikani.

"Hii njo ya kansere, Mama," akanikaribisha. "Unalowesha mu lutuku, glasi asubuhi, glasi mangaribi."

"Nani aliyepona?"

"Mama! Humujui Mama Feza, ule wa lutuku ya zamani? Uvimbe wote ulikauka. Wazungu walikuja kumuchukua wamupeleke Ulaya, akakataa. Alivuka ziwa. Iko Kigoma mpaka leo, amezeeka, iko na wajukuu, anapika lutuku yake."

Nilifungua mdomo nimwambie mimi ni nani. Nimwambie nilimwosha kwa mikono hii. Alikuwa ananiangalia kwa uso mwema kabisa, uso wa mtu anayempa mwenzake habari njema. Nilisimama pale na kikapu changu, watu wakinipita, nikasikia sauti yangu mwenyewe inamuuliza:

"Kigoma, mutaa gani?"